Guangzhou Bila Mwenyeji: Mwongozo Kamili wa Kuzunguka Jiji kwa Mara ya Kwanza

Wanaofika Guangzhou kwa mara ya kwanza hukwama mambo yale yale matatu: hawawezi kulipa, hawawezi kuingia mtandaoni, na hawawezi kumwonyesha dereva wanakokwenda. Jiji lenyewe si gumu. Metro yake inaeleweka, usiku watu wanatembea bila hofu, na mgeni Mwafrika si jambo geni, hasa mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Ugumu unatokana na kwamba karibu kila kitu kinapita kwenye simu, na simu iliyozoea maisha ya Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu haifanyi kazi kule mpaka uiandae. Maandalizi hayo hufanyika nyumbani. Ukisubiri ufike, utakuwa unatafuta intaneti ili upakue programu ya kukutafutia intaneti.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya safari

- Pasipoti yenye viza ya China, pamoja na nakala mbili za karatasi. Angalia kwenye viza idadi ya kuingia: mara moja, mbili au nyingi. Tutalirudia hili kwenye hatua ya mwisho.
- Kadi ya njano ya chanjo.
- Simu isiyofungwa kwa mtandao mmoja, yenye nafasi ya laini mbili au inayokubali eSIM (laini inayopakuliwa kwenye simu, bila kadi ya kuchomeka).
- Kadi mbili za benki, za Visa au Mastercard, ikiwezekana za benki mbili tofauti.
- Taslimu yuani 500 hadi 1,000, na angalau 200 kati ya hizo ziwe noti ndogo za 5, 10 na 20.
- Adapta ya plagi. Soketi za China ni za miguu miwili bapa au mitatu ya kukaa mshazari. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba haiingii. Umeme ni volti 220, hivyo chaja zetu hazina shida.
- Pawabenki. Kama utapanda ndege ya ndani ya China, iwe na alama ya 3C, alama ya usalama ya China. Tangu 28 Juni 2025, pawabenki isiyo na alama hiyo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya nchi hiyo na huzuiwa kwenye ukaguzi.
- Pakiti ya tishu. Vyoo vya umma ni vingi na havina malipo, ila karatasi mara nyingi haipo.

Ukibeba fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000, sheria inakutaka uzitangaze forodhani unapoingia. Wafanyabiashara wengi hulipuuza hilo, kisha hupata tabu wakitaka kutoka na kilichobaki.

Kuhusu tarehe: epuka Mwaka Mpya wa Kichina (huangukia Januari au Februari), kwa sababu masoko hufungwa na watu hurudi makwao kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, treni hujaa. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton yanayofanyika Pazhou, hapo hapo Guangzhou, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba hupandisha bei za hoteli jiji zima. Kuanzia Aprili hadi Septemba kuna joto la kunata na mvua za ghafla, na vimbunga hupita zaidi Julai hadi Septemba.

## Hatua ya 1: Andaa malipo ungali nyumbani

Pakua Alipay na WeChat, programu ambazo Wachina hulipia karibu kila kitu kwa simu. Zote mbili. Ikigoma moja, nyingine inakutoa.

Kwanza, piga simu benki yako uombe wafungue kadi kwa malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Kadi nyingi za kwetu hufungwa kwa matumizi hayo mpaka mteja aombe. Hapa ndipo wengi huanguka: wanadhani Alipay imeikataa kadi, kumbe aliyekataa ni benki.

Pili, jisajili Alipay kwa namba yako ya nyumbani, kisha ingiza taarifa za pasipoti na picha ya uso. Andika jina lote kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule. Jina la katikati likikosekana, uhakiki unaweza kukwama.

Tatu, unganisha kadi ya kwanza, kisha ya pili. Benki itakutumia namba ya siri kwa meseji. Kwa hiyo laini yako ya nyumbani ibaki ndani ya simu safari nzima, na romingi yake iwe imefunguliwa angalau kwa kupokea meseji. Ukiitoa laini hiyo na kuweka ya Kichina, siku benki itakapotaka kukuhakiki hutapata namba na malipo yatakufa.

Nne, fungua WeChat na uunganishe kadi vilevile. WeChat inaweza kudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuskanie msimbo (QR) ili kukuthibitisha. Mtafute ndugu au rafiki mwenye akaunti mapema. Kumpata mtu huyo ukiwa umesimama uwanja wa ndege ni shughuli.

Mambo ya kujua kuhusu gharama: malipo yasiyozidi yuani 200 hayana ada ya ziada kwa kadi za kigeni. Yakizidi 200, kuna ada ya asilimia 3. Kwa aliyekamilisha uhakiki, kikomo cha muamala mmoja ni dola 5,000, na cha mwaka ni dola 50,000. Kikomo cha benki yako mwenyewe huwa kidogo kuliko hapo, hivyo kiulizie.

Kadi ya kigeni hulipa biashara iliyosajiliwa, lakini haimtumii fedha mtu binafsi. Muuza matunda akikuonyesha msimbo wake binafsi, malipo yanaweza kugoma hata kama salio lipo. Usibishane naye wala usijaribu mara kumi, maana benki inaweza kuifunga kadi ikidhani imeibwa. Mpe taslimu. Wafanyabiashara hawaruhusiwi kukataa noti, ila chenji ndiyo tatizo, na ndiyo maana ya noti ndogo tulizoziorodhesha.

Umefaulu ikiwa: tarakimu nne za mwisho za kadi zako mbili zinaonekana ndani ya Alipay, na hali ya utambulisho inasomeka kuwa imethibitishwa.

## Hatua ya 2: Andaa intaneti

WhatsApp, Gmail, Google, Facebook, Instagram na YouTube hazifunguki kwenye mitandao ya kawaida ya China, pamoja na Wi-Fi ya hoteli. Data ya romingi ya laini yako ya nyumbani, au eSIM ya wasafiri iliyonunuliwa kabla, kwa kawaida hupitisha mawasiliano nje ya China, ndiyo maana WhatsApp hufunguka humo.

Kwa mgeni wa wiki moja au mbili, njia bora ni eSIM ya data kwa intaneti na laini ya nyumbani kwa meseji za benki. Anayekaa zaidi anunue laini ya China Mobile, China Unicom au China Telecom kwa pasipoti yake. Itamfaa kwa huduma zinazodai namba ya Kichina, ila WhatsApp itabaki kwenye ile eSIM.

Kosa la kila siku: simu imejiunga na Wi-Fi ya hoteli, WhatsApp imekaa kimya, mtu anadhani bando limeisha. Zima Wi-Fi, rudi kwenye data.

Pakua pia vitu hivi viwili:

- Amap, ramani ya Wachina wenyewe, ambayo ina sura ya Kiingereza. Usitegemee Google Maps. China inatumia mfumo wake wa vipimo vya ramani, hivyo ramani za nje zinaweza kukuweka mamia ya mita kutoka pale ulipo kweli. Katikati ya jiji, hiyo ni mtaa wa pili.
- Programu ya tafsiri yenye lugha ya Kichina iliyopakuliwa kwa matumizi bila mtandao, na inayotafsiri picha kwa kamera. Menyu, vibao na maelezo ya dawa utavisoma kwa kamera hiyo.

Umefaulu ikiwa: umezima data na bado programu ya tafsiri inageuza sentensi kwenda Kichina.

## Hatua ya 3: Andaa anwani kwa herufi za Kichina

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, nayo ndiyo inayopoteza watu. Dereva wa teksi hasomi "Xiaobei". Anasoma 小北. Hata ukilitamka, sauti za Kichina hupanda na kushuka, na matamshi yetu ya bapa hayamfikii.

Kwa kila mahali utakapokwenda, hifadhi picha ya skrini yenye mambo matatu: jina kwa herufi za Kichina, anwani kamili kwa herufi hizo, na namba ya simu ya mahali. Ongeza sentensi hii juu yake: 请带我去这里, yaani "tafadhali nipeleke hapa". Ukifika hotelini, chukua kadi yao ya mapokezi na uiweke kwenye pochi, si kwenye simu, kwa sababu siku utakayoihitaji ndiyo siku simu imezima.

Kisha jifunze herufi hizi chache kwa macho tu:

- 东 dong: mashariki
- 西 xi: magharibi
- 南 nan: kusini
- 北 bei: kaskazini
- 中 zhong: kati
- 路 lu: barabara
- 站 zhan: kituo
- 出口 chukou: mlango wa kutokea
- 楼 lou: ghorofa
- 档 dang: kibanda cha sokoni

Sababu ni hii: barabara ndefu hukatwa vipande kwa pande za dunia, na kila kipande kina namba zake za nyumba. Barabara ya Huanshi ina kipande cha magharibi (Huanshi Xi Lu) penye stesheni kuu ya treni, cha kati (Huanshi Zhong Lu) upande wa Xiaobei, na cha mashariki (Huanshi Dong Lu) upande wa Taojin. Mtu aliyeandika "Huanshi Lu 300" hajaandika anwani. Zhongshan Lu nayo imegawanywa kwa namba, kutoka ya kwanza hadi ya nane, na kutoka mwanzo hadi mwisho ni mwendo wa kilomita nyingi.

Stesheni za treni ni vilevile. Guangzhou, Guangzhou Dong, Guangzhou Nan, Guangzhou Bei na Guangzhou Baiyun ni stesheni tano tofauti kabisa. Guangzhou Nan iko mbali kusini, wilaya ya Panyu. Kuna hata vituo viwili vya metro vinavyoandikwa Xiaogang kwa herufi zetu: 萧岗 kwenye mstari wa 2 na 晓港 kwenye mstari wa 8. Herufi za Kichina ndizo zinazovitenganisha.

Jambo moja zaidi: ghorofa ya chini Wachina wanaiita ya 1. Muuzaji anayekuambia duka liko ghorofa ya 3 anamaanisha ile ambayo kwetu wengi tungeiita ya pili.

## Hatua ya 4: Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun hadi mjini

Uhamiaji watachukua alama za vidole na kadi ya kuingilia. Kadi hiyo hujazwa mtandaoni kabla ya safari au palepale. Wanaweza kukuuliza hoteli na tarehe ya kuondoka. Kuwa na vyote viwili kwenye karatasi.

Saa za China ziko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tano, na mbele ya Bukavu kwa saa sita. Tiketi na vibao vinatumia saa 24: 14:30 ni saa nane na nusu mchana.

Mstari wa 3 wa metro unafika uwanjani: kituo cha Airport South kwa jengo la 1, Airport North kwa jengo la 2. Kwa anayekwenda Xiaobei, njia ni hii:

1. Panda mstari wa 3 hadi Jiahewanggang (嘉禾望岗).
2. Badili kwenda mstari wa 2, ushuke Guangzhou Railway Station (广州火车站). Anayekaa Sanyuanli ashuke kituo kimoja kabla.
3. Badili kwenda mstari wa 5. Xiaobei ni kituo kinachofuata.

Nauli haifiki yuani 10. Metro hulala usiku, takriban saa tano, kwa hiyo ndege ikitua usiku wa manane utahitaji teksi. Fuata kibao cha foleni rasmi ya teksi. Anayekujia ndani ya ukumbi na kukuuliza "teksi, rafiki?" mwache. Hakikisha mita imewashwa; safari ya kwenda Xiaobei ni karibu yuani 100 au zaidi. Unaweza pia kuita gari kupitia DiDi, iliyomo ndani ya Alipay, ambayo hukuonyesha bei kabla na kumpelekea dereva anwani yenyewe kwa Kichina.

## Hatua ya 5: Sajiliwa ndani ya saa 24

Mgeni yeyote lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike mahali anapolala. Hoteli hufanya kazi hiyo yenyewe inapochukua pasipoti yako mapokezi. Ukilala kwa rafiki au kwenye nyumba ya kupanga, kazi ni yako: nenda na mwenyeji wako kituo cha polisi cha mtaa huo (派出所), na pasipoti, pamoja na mkataba au kitambulisho chake. Omba karatasi ya usajili na uitunze.

Wasiojisajili hupewa onyo, na wanaweza kutozwa faini hadi yuani 2,000. Kupitiliza viza ni kubaya zaidi: yuani 500 kwa siku hadi kufikia 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Sheria pia inamtaka kila mgeni wa miaka 16 na kuendelea atembee na pasipoti yake halisi. Kwenye mitaa ya Xiaobei ukaguzi hutokea, na nakala ya simu haitoshi.

Hoteli ndogo za bei nafuu wakati mwingine hazijui kumsajili mgeni. Kabla ya kulipa, watumie swali hili: 可以接待外国人吗? yaani "mnaweza kupokea wageni wa nje?" Wakijibu 可以 (tunaweza), mambo yako sawa.

## Hatua ya 6: Tumia metro kama mwenyeji

Una njia mbili rahisi. Ya kwanza ni Alipay: gusa sehemu ya usafiri, chagua Guangzhou, washa msimbo. Uuonyeshe getini unapoingia na unapotoka. Ya pili ni mashine ya tiketi: geuza lugha, chagua mstari, gusa kituo unachokwenda, weka fedha. Mashine itakutolea kitufe cha plastiki cha duara, ukubwa wa sarafu. Ukiingia, kiguse juu ya geti. Ukitoka, kitumbukize kwenye tundu. Wageni wengi hukigusa tena wakati wa kutoka, geti likibaki limefungwa wanaanza kusukuma.

Nauli huanzia yuani 2 kwa kilomita 4 za kwanza na hupanda taratibu kwa umbali. Mifuko yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi.

Msimbo mmoja ni wa mtu mmoja. Mfumo unalinganisha mahali ulipoingilia na ulipotokea, hivyo huwezi kumskania mwenzako kwa simu yako. Simu ikizima ukiwa ndani, nenda dirisha la huduma karibu na geti. Wataulizia kituo ulichoingilia na kukutoa kwa kulipa. Mashine za kukodisha pawabenki ziko kwenye maduka mengi, lakini zinafunguliwa kwa simu, basi kodi kabla chaji haijaisha.

Ili kujua upande sahihi, tafuta jina la kituo cha mwisho cha mstari kwenye kibao cha jukwaani. Ili kutoka sehemu sahihi, angalia herufi ya mlango: A, B, C, D. Amap hukutajia mlango. Usilipuuze hili: kituo kikubwa kinaweza kukutoa ng'ambo ya barabara ya njia kumi, isiyo na pa kuvukia karibu.

Mstari wa 3 una matawi. Anayetoka uwanja wa ndege kwenda mnara wa Canton Tower huenda akalazimika kushuka Tiyu Xilu na kubadili treni ya mstari huo huo. Asubuhi saa moja hadi tatu na jioni saa kumi na moja hadi moja, Tiyu Xilu hufurika kiasi kwamba treni mbili zinaweza kukupita. Ukiwa na mizigo au mtoto, kaa hotelini mpaka msongamano upungue.

Umefaulu ikiwa: umesafiri, ukabadili mstari mara moja, na kutokea mlango ulioukusudia bila kumuuliza mtu.

## Hatua ya 7: Zunguka kwa mstari mmoja kwa siku

Jiji ni kubwa mno kulizunguka kwa orodha ya vivutio. Anayeruka kutoka kona hadi kona humaliza siku chini ya ardhi. Chagua mstari mmoja, ushuke kituo hadi kituo.

Siku ya mstari wa 1, mji mkongwe. Anza Huangsha asubuhi mapema, uvuke kwenda kisiwa cha Shamian: majumba ya mawe ya enzi za Wazungu, miti mikubwa, wazee wakicheza mazoezi. Saa moja na nusu inatosha. Kituo kinachofuata ni Changshou Lu, penye mtaa wa maduka wa Shangxiajiu. Kinachofuata tena ni Chenjiaci, nyumba ya ukoo wa Chen iliyokamilika mwaka 1894. Hapo usikimbie. Simama uani, uinue macho kwenye mgongo wa paa: safu nzima ya watu, ndege na matunda ya udongo iliyopakwa rangi, kila sura na uso wake. Ni kazi ya mikono inayostahili saa nzima. Kiingilio ni yuani 10, na pasipoti huhitajika.

Ximenkou ndicho kituo cha msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China, wenye mnara mweupe laini wa mita 36 hivi. Nenda wakati wa swala, kwa mavazi ya heshima. Si mahali pa kuzurura na kamera. Malizia Gongyuanqian kwa mtaa wa Beijing Lu, jioni taa zikiwaka.

Siku ya mstari wa 2. Shuka Yuexiu Park, bustani isiyo na kiingilio yenye sanamu ya Kondoo Watano, alama ya jiji. Karibu na hapo uko msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo mapokeo yanalinasibisha na swahaba Saad bin Abi Waqqas. Ijumaa hufurika waumini kutoka kila upande, wakiwemo wengi wa Afrika. Fika mapema kabla ya adhuhuri. Kisha endelea hadi Haizhu Square kwa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu, lililojengwa kati ya 1863 na 1888.

Jioni moja ya Zhujiang New Town. Shuka kituo hicho, utembee Huacheng Square kuelekea mtoni. Canton Tower ina urefu wa mita 600, na tiketi ya kupanda huanzia karibu yuani 150. Ukiuliza ushauri wetu, baki chini ng'ambo ya mto: mnara wenyewe ndio mandhari, na ukiwa juu yake huuoni.

Majumba ya makumbusho mengi, likiwemo la Guangdong lililopo hapo Huacheng, hufungwa Jumatatu na hutaka uweke nafasi mapema kwa pasipoti.

## Hatua ya 8: Kula bila wasiwasi

Mpishi wa Kikantoni hutumia nguruwe mahali usipotarajia: ndani ya mchuzi, kwenye mafuta ya kukaangia mboga, ndani ya mandazi ya mvuke. Kusema "sitaki nyama" hakutoshi, kwa kuwa mchuzi wa nyama wengi hawauhesabu kuwa nyama. Kwa Mwislamu, tafuta herufi 清真, zenye maana ya halali. Migahawa ya tambi za Lanzhou (兰州拉面) iko karibu kila mtaa. Bakuli la tambi zilizovutwa kwa mkono na nyama ya ng'ombe ni yuani 15 hadi 25. Xiaobei, hasa kandokando ya Baohan Zhijie, kuna migahawa ya Kiarabu, Kituruki, ya Wauighuri na ya Kiafrika.

Asiye na mwiko asiondoke bila kunywa chai ya asubuhi ya Kikantoni, vikapu vidogo vya mianzi mezani. Nenda saa mbili asubuhi siku ya kazi. Jumapili utapewa namba na kusubiri.

Maji ya bomba usinywe. Kila chumba cha hoteli kina birika la umeme.

## Hatua ya 9: Ukitaka kuona masoko

Hata asiyefanya biashara hapaswi kuyakosa. Nguo: Baima, kando ya stesheni kuu. Mikoba na ngozi: Guihuagang, upande wa Sanyuanli. Vitambaa: Zhongda, mstari wa 8. Vitu vya watoto na vyakula vya baharini vilivyokaushwa: Yide Lu, mstari wa 6.

Ni masoko ya jumla. Bei unayotajiwa ina idadi ya chini nyuma yake, kwa hiyo uliza idadi kabla ya bei. Andika kwenye kikokotoo, naye aandike yake. Ukiagiza, desturi ni malipo ya awali ya asilimia 30 na salio baada ya kukagua mzigo. Anayedai yote mwanzoni muache. Piga picha ya namba ya ghorofa na kibanda (楼 na 档), vinginevyo kesho hutakipata tena. Wanaobadilisha fedha barabarani Xiaobei usiwaendee, biashara hiyo si halali na noti bandia zipo; tumia ATM ya Bank of China au ICBC.

## Hatua ya 10: Ukitoka nje ya jiji

Tiketi za treni hununuliwa kwenye programu ya 12306, yenye sura ya Kiingereza, kwa namba ya pasipoti. Hakuna tiketi ya karatasi: pasipoti ndiyo tiketi. Mageti ya kawaida husoma vitambulisho vya Wachina, hivyo nenda geti lenye mhudumu, kawaida la pembeni. Fika angalau dakika 45 kabla.

Treni ya kasi kutoka Guangzhou Nan hufika Shenzhen Bei kwa takriban nusu saa na Hong Kong kwa takriban saa moja. Hapa ndipo onyo la mwanzo linaporudi: kwenda Hong Kong au Macao ni kutoka China bara. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kwenda kula chakula cha mchana, hawezi kurudi Guangzhou ambako ameacha begi lake. Lazima aombe viza upya.

## Mambo yakiharibika

- Kadi zote zimegoma: tumia taslimu, kisha ipigie benki yako kupitia intaneti ukikumbuka tofauti ya saa; benki za kwetu hufunguliwa wakati Guangzhou ni alasiri.
- Umepotea: ingia kituo chochote cha metro. Ramani iko ukutani na wahudumu wana programu za tafsiri.
- Pasipoti imepotea: anza polisi upate karatasi ya taarifa, kwani ubalozi na uhamiaji wote wataidai. Tanzania na Uganda zina konseli kuu mjini Guangzhou. Wengine wawasiliane na ubalozi wao Beijing au konseli iliyo karibu. Andika namba hizo kwenye karatasi kabla ya safari.
- Swali la viza au usajili: piga 12367, laini ya uhamiaji inayojibu saa 24 kwa Kichina na Kiingereza.
- Dharura: polisi 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Huenda anayepokea asijue Kiingereza, kwa hiyo mpe simu mtu wa karibu na umwonyeshe herufi hizi: 请帮我说地址, "tafadhali nisaidie kutaja anwani".